Dokyumentari za polisi na mauaji: Making a Murderer, The Jinx au American Murder, naanza na ipi?

Kisamvu_cha_Jana
Wakuu habari za jioni. Nimepata likizo ya wiki moja na tamthilia za Kituruki za wife zimenishinda, ofisini kila siku watu wanaongelea hizi dokyumentari za upelelezi mimi nacheka cheka tu kama naelewa. Jamaa kanijazia flashi, zimo hizo tatu. Vigezo vyangu ni hivi, nataka nione polisi wanavyofanya kazi kweli sio kuigiza, nisikose usingizi, na mwisho nijue nani kaua. Hicho cha mwisho msinichezee, sipendi kuachwa hewani.

Mzee_wa_Rumande
American Murder. Dakika 80 na ushee umemaliza, muuaji umemjua, unalala.
Kulala ndio sina uhakika.

DadaMtulivu
Mimi sikulala siku mbili mzee usimdanganye mwenzio. Ile haina msimulizi wala mtaalamu aliyekaa kwenye kochi kukuelezea, imetengenezwa na kamera ya kifuani ya askari, kamera ya jirani, meseji za marehemu na video alizokuwa anapost Facebook akiwa hai na wanae, kwahiyo unamuona mtu anacheka huku unajua hayupo tena. Agosti 2018, mji unaitwa Frederick kule Colorado, mume (Chris Watts) anamwambia askari mke wangu na watoto sijui walipo. Wanaenda kwa jirani kuangalia kamera yake, picha za alfajiri zinaonesha gari la jamaa, jamaa mikono kichwani, anaongea ongea hovyo, akitoka tu jirani anamwambia askari huyu mtu hayuko kawaida yake. Jirani! Wapelelezi hata hawajaanza kazi. Mtaani kwetu Tandika tulikua na mama wa hivyo tulimuita kamera kabla kamera hazijafika.

Baadae akawekwa kwenye mashine ya kupima uongo akafeli, akaomba kuongea na baba yake, kwanza akamsingizia marehemu kwamba ndio kaua watoto, Novemba mwaka huo huo mahakamani akakubali makosa yote. Mwanamke alikua mjamzito. Ila kilichoniuma zaidi sio yeye, ni watu mitandaoni, kuna waliokaa kuandika kwamba mke alikua anamkaripia sana mumewe. Yani mtu kauawa na watoto wake wawili na bado anapangiwa alivyotakiwa kuongea na mume.

Wakili_wa_Kijiweni
Kigezo chako cha tatu kinaitoa Making a Murderer mlangoni kabisa, maana sehemu 10 zote (ilitoka Desemba 2015) unamaliza unagombana na ukuta. Lakini kama kweli unataka kuona kazi ya polisi hakuna inayoifikia. Steven Avery, wa Manitowoc, Wisconsin, alifungwa mwaka 1985 kwa ubakaji ambao hakufanya, akakaa ndani miaka 18 mpaka vinasaba vikamtoa 2003. Akafungua madai ya dola milioni 36 dhidi ya kaunti. Kesi ya madai inaendelea, mwaka 2005 binti mpiga picha wa magari anapotea, mara ya mwisho alikua kwenye yadi ya familia ya Avery, na walioingia kumpekua ni pamoja na maaskari wa kaunti ile ile anayoidai. Ufunguo wa gari la marehemu ukaja kuonekana chumbani kwake baada ya chumba kushapekuliwa siku kadhaa. Mtanzania yeyote akifika hapo anasema neno moja tu, kabambikiwa.

Alafu kuna mpwa wake, Brendan Dassey, miaka 16, darasani mzito, anahojiwa bila wakili na bila mzazi ndani ya chumba. Hii sehemu nimeirudia mara nne. Wapelelezi wanataka aseme marehemu alipigwa risasi kichwani, wanamuuliza alifanywa nini kichwani, dogo anabahatisha, mara kanyolewa nywele, mara kapigwa ngumi, mara kakatwa, wanakataa tu, mwisho wanachoka wanamuuliza wenyewe nani alimpiga risasi kichwani. Hapo hapo na yeye anasema risasi. Na baada ya kukiri mambo yote hayo anauliza kama atawahi kurudi darasani maana ana kazi ya kukabidhi. Hajui kama maisha yake yameshaisha.

2016 jaji mmoja wa shirikisho akatupa ile hukumu akisema kukiri kwake hakukuwa kwa hiari, Desemba 2017 mahakama ya rufaa ikairudisha kwa kura 4 kwa 3. Kura moja tu. 2018 Mahakama ya Juu ikakataa hata kuisikiliza.

Pweza_Mkavu
Wakili na wewe umepigwa changa la macho kama sisi wote, tofauti yako hujashtuka. Mimi nilimaliza ile kitu nikiwa tayari kupanda ndege kwenda Wisconsin kumtoa Avery kwa mikono yangu, watu zaidi ya laki moja walisaini maombi Ikulu ya Marekani asamehewe, Ikulu ikajibu kesi ni ya jimbo rais hana mamlaka nayo. Baadae ndio nikaanza kusoma vilivyoachwa nje. Mwendesha mashtaka alilalamika hawakuonesha kwamba vinasaba vya Avery vilikutwa kwenye lachi ya boneti ya gari la marehemu. Wale waongozaji wamekaa na hiyo familia miaka 10, umekula nao umelala kwao, kweli utawakata vibaya kwenye filamu?

Sisemi kaua, sisemi hajaua. Nasema nililia machozi yaliyopangwa na mtu mwenye mkasi.

Wakili_wa_Kijiweni
@Pweza_Mkavu lachi ya boneti haimuhusu Brendan. Mtoe Avery pembeni, niambie ile video ya dogo mkasi umebadilisha nini.

Pweza_Mkavu
Hiyo nakupa. Ya dogo sina la kusema.

Kisamvu_cha_Jana
Wakuu taratibu basi mnanimalizia muvi. Vipi The Jinx?

Shangazi_Kaseti
Mwanangu angalia The Jinx, sehemu 6 tu, na mwisho wake mtuhumiwa anaingia msalani amesahau maikrofoni bado iko kwenye shati inarekodi, anaanza kujisemea peke yake kwamba amewaua wote 😂😂

Kisamvu_cha_Jana
SHANGAZI. Ndio umeshanihadithia mwisho hivyo.

Shangazi_Kaseti
Samahani mwanangu, nilijua kila mtu anajua, ni ya 2015 hiyo. Hata hivyo utamu hauko hapo. Robert Durst tajiri wa New York, mke wake alipotea 1982, rafiki yake Susan Berman akauawa Los Angeles mwaka 2000, na yeye mwenyewe kwa mdomo wake akaenda kukubali kuhojiwa na mtengeneza filamu. Nani kamtuma! Polisi wa Beverly Hills walikua wametumiwa barua ya kuwaonesha maiti ilipo, imeandikwa kwa herufi kubwa na neno Beverly limekosewa spelingi. Miaka inapita, mtoto wa kambo wa marehemu anapekua vitu vya mama yake anakuta bahasha iliyotoka kwa Durst, mwandiko ule ule, na Beverly imekosewa vile vile. Mimi nimefundisha darasa la tatu miaka 26, mtoto akikosea neno anakosea hivyo hivyo mpaka umkamate mkono, kwahiyo ile bahasha ilipotokea nilisimama sebuleni. Alikamatwa siku moja kabla ya sehemu ya mwisho kurushwa, hukumu 2021, kafia hospitali akiwa bado mfungwa Januari 2022.

Pweza_Mkavu
Shikamoo shangazi. Naongezea na hapo mkasi ulipita. Yale maneno ya msalani kwenye rekodi halisi hayakufuatana hivyo, 2019 kwenye nyaraka za mahakama ikajulikana sentensi zilipangwa upya. Aliyasema kweli, ila ile ya "nimewaua wote" haikuja kama jibu la swali alilojiuliza, kama wote tulivyosikia.

Shangazi_Kaseti
Marahaba. Umeniharibia na wewe sasa tuko sawa na Kisamvu.

Githeri_Baridi
Niko Nairobi, nimefuata hii mada tangu asubuhi. Kwetu hiyo mambo ya Brendan ingekuwa na shida kortini mapema, sheria ya ushahidi Kenya inasema mshukiwa akikiri lazima iwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi kuanzia cheo cha inspekta kwenda juu, na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe awepo. Karatasi ni karatasi najua, vituoni ni vingine. Lakini angalia kesi ya wakili Willie Kimani, aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi. Hapo hata hauhitaji mkasi. Karatasi ya tishu alitupa nje ya seli ya Syokimau akiomba mtu apigie mkewe aseme yuko hatarini. Miili ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mmoja wa washukiwa alikiri, mawakili wake wakapinga, korti ikakaa kuamua kwanza kama alikiri kwa hiari, na 2023 afisa mmoja wa polisi akahukumiwa kifo na wengine miaka jela. Nipewe sehemu 10 za hiyo, nitalipia.

Wakili_wa_Kijiweni
Huku tunaiita kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Na bongo mpelelezi akikukamata ana masaa manne ya kukuhoji, akitaka zaidi aombe kuongezewa. Mahakama ya Rufani imeshatupa maelezo ya onyo kibao kwasababu yaliandikwa nje ya muda. Sasa fikiria dokyumentari ya kwetu, sehemu ya kwanza upelelezi haujakamilika, sehemu ya pili upelelezi haujakamilika, msimu wa tatu jalada liko kwa DPP (mkurugenzi wa mashtaka) 😂

Mpemba_wa_Ulaya
Mie naleta ya nne ambayo hamkuitaja, 24 Hours in Police Custody, ya Channel 4 ya Uingereza tangu 2014, polisi wa Bedfordshire. Nakaa karibu na Luton kwahiyo naangalia mitaa yangu mwenyewe, nshamuona mpaka muuza kebabu wangu kapita nyuma ya askari. Tofauti yake na za Kimarekani ni kubwa, hapa mtuhumiwa kakaa na wakili wake, kila suali anajibu sina la kusema, sina la kusema, saa nzima, na mpelelezi hapandishi sauti, anaendelea tu kuweka picha mezani moja moja. Saa 24 zikiisha wamfungulie mashtaka, wamwachie au waombe kuongezewa, kwahiyo presha iko kwa polisi. Marekani mahakama iliruhusu tangu 1969 polisi amdanganye mtuhumiwa kwamba mwenzio keshakutaja. Huku mpelelezi akidanganya kuhusu ushahidi, jaji anaweza kulitupa ungamo zima. Illinois ndo wa mwanzo kule kukataza kuwadanganya watoto, mwaka 2021 hiyo, Brendan keshakuwa mtu mzima gerezani.

Haina muziki wa kutisha sana wala haina fumbo. Mke wangu anasinzia. Mie ndo naipenda.

Mzee_wa_Rumande
Sina la kusema. Naanza kuitumia nyumbani leo nikichelewa.

DadaMtulivu
Jaribu uone kama utapewa wakili.

Kisamvu_cha_Jana
Mrejesho wakuu. The Jinx nimeiweka kiporo kwa heshima ya shangazi, American Murder nimeangalia dakika 20 nikamuona yule mtoto mdogo anaimba nikazima, mimi nina wa umri huo. Kwahiyo nikaangukia Making a Murderer ambayo haina mwisho, vigezo vyangu vyote vimekufa. Wife alipita sebuleni kuchukua chaja ya simu akasimama nyuma ya kochi, sehemu ya nne sasa tamthilia ya Kituruki haiulizwi. Yeye anasema Avery kaua, anasema macho yake tu. Mimi nasema kabambikiwa. Jana tumekula bila kuongea. Ila ilipofika ile ya Brendan na darasani kwake wote tulinyamaza, akainuka akaenda kuchungulia watoto wamelala vipi.

Msimu wa pili nani anao? Flashi ina wa kwanza tu.

Pweza_Mkavu
Ninao. Njoo PM, ila mwambie shemeji kuhusu lachi ya boneti.

Kisamvu_cha_Jana
Simwambii kitu.