Naomba ushauri: mwanafunzi wangu mtu mzima hawezi kuachana na transpozi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nafundisha sauti na kinanda nyumbani, hapa Uyole, Mbeya, watoto kwa wazee. Watoto hawanipi shida. Anayenitoa jasho ni mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa kwaya wa siku nyingi. Solfa, yaani nota za do re mi, anaisoma kama gazeti. Mpe karatasi ya d r m, besi anaiimba papo hapo. Ila kwenye kinanda kila wimbo anaupiga kwenye kii (ufunguo) ya C. Ukiwa Eb, anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kinanda cha umeme kinachopandisha au kushusha kii, mara tatu, anaendelea na vibonye vyeupe. Na anapiga vizuri, tusidanganyane.

Sasa kanisani kwao wameletewa piano ya nyuzi, haina kitufe hicho, na anataka kuipiga Pasaka.

Nimejaribu skeli ya G. Akifika kwenye t (ti, nota ya saba), kidole kinakwenda F nyeupe badala ya F#, ile nyeusi, ingawa sikio lake linajua kabisa amekosea na anaguna mwenyewe. Nota za mistari mitano tuliziacha mapema. "Mwanangu, mbu hawa siwaoni," akasema. Miwani anayo, lakini ningebishaje?

Wenye uzoefu na wanafunzi wa umri huu, naomba mnisaidie:

Nimfundishe kodi (chords, nota zinazopigwa pamoja) za d, f na s kwa kila kii kwa kutumia solfa yake, mistari tuisahau kabisa? Na nianze na kii zipi, ikizingatiwa nyimbo zao nyingi ziko kwenye F, G, Eb na Ab?