Tupeane uzoefu: mgeni wa nyumbani akija Perth, ulimpeleka wapi?

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, habari za Jumapili. Mama anakuja mwezi wa kumi, wiki tatu, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ana miaka 67, goti la kushoto linamsumbua, haogelei na hana mpango wa kuanza. Nimepitia matangazo ya utalii ya Perth, huku Australia Magharibi, yote ni vijana wanaoteleza juu ya mawimbi na mashamba ya mvinyo. Mama yangu na mvinyo wapi na wapi? Naomba mlioshaleta wazazi mseme ukweli: wapi alifurahi, wapi mlijuta, wapi hela ilipotea bure.

Mshika Usukani

Anza na Kings Park, mkuu. Kuingia bure, viti viko kila mahali, na ukisimama pale juu unauona mto Swan wote na majengo ya mjini kama umeviwekewa kwenye sinia. Mwezi wa kumi maua ya porini bado yapo.

Ila mzee wangu hakuyajali maua. Yeye ni mtu wa Kondoa. Tulikuwa tunatembea polepole, mara akasimama akanishika mkono: "Huu si mbuyu huu?" Nikamwambia mbuyu kabisa, ila ni ndugu wa wetu, huku wanauita boab. Akataka kujua nani aliupanda. Hakuna aliyeupanda pale. Ulikuwa Warmun, kule Kimberley kaskazini, ukawa kwenye njia ya daraja jipya la barabara kuu. Mwaka 2008 wakaung'oa na mizizi yake, tani 36, wakaulaza juu ya lori na kuusafirisha kilomita 3,200 hadi hapa. Unakadiriwa kuwa na miaka 750. Wenye ardhi ile, Wagija, ndio waliokubali kuutoa, na jina lake ni Gija Jumulu.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Walipoung'oa, walitambika?" Nikajua nitacheka, lakini kumbe swali lake lilikuwa la maana, maana wazee wa Kigija waliuaga kwa sherehe yao kabla lori halijaondoka. Alipoambiwa hivyo akaridhika. Akaupigapiga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi mchana watu wamelala. Tumekaa pale saa nzima. Sehemu nyingine zote za Perth nilizompeleka hazikumbuki.

Ukwaju

Haya, mimi nilimpeleka mamangu Rottnest, na hadi leo nasimangwa.

Kisiwa kiko kilomita 19 kutoka bandari ya Fremantle, boti haifiki saa nzima. Asubuhi bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani. Mamangu mtu wa Mombasa, akavuka akiringa kweli. Kisiwani magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, vijana wote wako juu ya baiskeli, lakini lipo basi la kuzunguka kisiwa, kwa hiyo goti la mama yako lisikutishe.

Kisha wakaja kwoka. Hao ni wanyama wa mfuko, jamaa wa kangaruu, ukubwa wa paka, uso kama unacheka. Watalii wanalala kifudifudi barabarani ili wapigwe nao picha. Mamangu akakunja nguo zake: "Panya buku hawa, msiniletee." Nisimlaumu. Nahodha wa Kiholanzi, Willem de Vlamingh, alifika hapo mwaka 1696 akadhani hivyo hivyo, ndiyo maana kisiwa kikaitwa kiota cha panya. Mwisho mmoja alikuja akakaa karibu na kiatu chake akijilamba mikono, naye akaanza kumsemesha kwa upole, pole baba, njaa eh? Kuwalisha ni marufuku na faini ipo, kwa hiyo nikamnyang'anya kaimati mkononi.

Matatizo yakaja kurudi. Nilikata tiketi ya boti ya saa kumi. Wakati wa joto, mchana ukishapinda, huvuma upepo mkali kutoka kusini-magharibi, na watu wa Perth wanaupenda sana kwa sababu unapoza mji. Wanauita Daktari wa Fremantle. Boti ikawa inapanda na kushuka, mifuko ya karatasi ikagawiwa, mamangu akaimaliza miwili. Nikamfafanulia kuhusu jina la upepo, nikitarajia atacheka. Akanitazama kwa jicho moja: "Daktari gani anayetapisha wazima?"

Mkate boti ya kwanza ya asubuhi, na mrudi kabla ya adhuhuri. Si ushauri huo, ni amri.

Mti wa Kivu

Asante kwa hadithi, dada. Lakini kuna jambo la Rottnest ambalo hukulitia.

Wanoongar, wenyeji wa asili wa huku Perth, wanakiita Wadjemup. Kuanzia 1838 hadi 1931 kilikuwa gereza la wenyeji weusi wa nchi hii. Wanaume na watoto wa kiume karibu 4,000 waliletwa huko kwa minyororo kutoka kila pembe ya jimbo, wengine kutoka jangwani, hawajawahi kuiona bahari. Zaidi ya 370 walifia huko na wakazikwa bila alama. Jengo lenyewe la gereza, wanaloliita Quod, liligeuzwa vyumba vya wageni, na watu wakawa wanalala humo likizo mpaka 2018. Juu ya makaburi, kwa miaka mingi, palikuwa uwanja wa kupiga mahema.

Nilikwenda na baba mdogo, aliyepitia mambo yake kule nyumbani ambayo hayasemi. Nilitaka tu aone wale wanyama. Tulipofika kwenye ule uwanja wa makaburi akavua kofia, akasimama. Familia moja ilikuwa inapita na baiskeli, watoto wanacheka. Aliniambia, "Mimi hapa nisingeweza kulala." Kisha tukaenda kula chipsi. Sisemi msiende. Nasema mkienda, pitieni pale pia.

Kiatu Kimoja

Pinnacles nayo ni ya wazee, kwa sababu unaendesha gari katikati yake, njia ya kama kilomita nne, mzee hashuki akitaka. Ni nguzo za mawe ya chokaa, maelfu kwa maelfu, zimesimama kwenye mchanga wa manjano. Ukizitazama haraka utadhani vichuguu. Ziko kama kilomita 200 kaskazini, karibu na mji mdogo wa Cervantes, ambako wanavua kamba koche. Bei yake? Tulikula mmoja watu watatu, tukamshukuru Mungu.

Mnunue vyandarua vya uso kabla ya kufika. Nzi wa kule wanataka kuingia machoni, puani, mdomoni, kokote kwenye unyevu. Mama mkwe alipoteza kiatu kimoja akikimbia kurudi garini. Na msirudi magharibi ikishaingia, kangaruu hurukia barabarani na ukimgonga gari la kukodi utalilipa wewe. Niulize mimi.

Bi Mkubwa wa Joondalup

Kangaruu mnawafuata wapi huko kote? Nendeni Pinnaroo, Padbury, ni makaburi. Wako kibao, wanakula majani katikati ya mawe ya makaburi, hakuna tiketi wala foleni. Sisi tulikwenda kumzika jamaa yetu, imamu anasoma, na dume moja kubwa limekaa kivulini limekunja mikono kifuani kama mfiwa. Tangu siku hiyo wageni wangu wote nawapeleka.

Mshika Usukani

Makaburini? Mtu ametoka Tanga, ndege mbili, halafu unampeleka kutalii makaburini?

Bi Mkubwa wa Joondalup

Anasoma Fatiha, anaona kangaruu. Kuna ubaya gani?

Mtoto wa Chumbageni

Nimecheka peke yangu kwenye treni. Asanteni, nimeandika yote. Nitaleta mrejesho.

Mtoto wa Chumbageni (mwezi wa kumi na moja)

Mama ameondoka jana. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mrejesho kama nilivyoahidi.

Mbuyu tumeuona. Alisema umekonda. Makaburini Pinnaroo tulikwenda (Mshika Usukani unisamehe), Fatiha ikasomwa na kangaruu wakaonekana, tisa, pamoja na mtoto aliyechungulia kutoka mfukoni. Alimhurumia yule mama wa kangaruu kwa uzito.

Kitu ambacho hakuna aliyenitajia ni mabasi ya CAT ya katikati ya mji. Ni ya bure kabisa, yanazunguka siku nzima. Siku ya tatu mama aligundua hilo akawa hataki tena gari langu. Anapanda jekundu, anakaa dirishani mpaka lizunguke, anashuka, anapanda la njano. Dereva mmoja alishaanza kumpungia mkono. Tukashuka Northbridge, mtaa wa William, nikamwonyesha msikiti wa tangu 1905 uliojengwa na Waafghani, wale waliokuja na ngamia kubeba mizigo jangwani kabla ya malori. Aliswali adhuhuri pale na akatoka na namba ya simu ya mama wa Kisomali. Wanawasiliana mpaka leo, kwa lugha gani sijui.

Gereza la Fremantle niliona mwenyewe, yeye aligoma kwenye lango. Wafungwa walioletwa kutoka Uingereza walilijenga kwa mawe ya chokaa miaka ya 1850, likafungwa 1991, na chumba cha kunyongea bado kipo. Akasema gereza ni gereza, nenda, mimi niko sokoni.

Na sokoni ndiko nilikomkuta amezungukwa na watu. Soko la Fremantle hufunguliwa Ijumaa mpaka Jumapili, jengo lake ni la 1897. Alikuwa ameshika embe. Embe moja, dola nne. Muuzaji anamwonyesha vidole vinne, yeye anamrudishia kimoja. Yule kijana anacheka, anashusha kidole nusu. Mwisho akamuuzia mawili kwa dola tano, na nina hakika alimpunguzia ili foleni isogee. Tukiwa njiani akapiga hesabu kwa shilingi, kimya kimya, midomo inacheza. "Kwa bei hii," akasema, "mwembe wetu wa uani ungewasomesha wote saba."

Jioni ya mwisho tulikaa ufukwe wa Cottesloe, kwenye majani chini ya ile misonobari. Kwetu jua huzuka baharini, ndivyo alivyolijua maisha yake yote. Huku likaanza kushuka kwenye maji, jekundu, akawa amesimamisha kikombe cha chai hewani. "Linazama baharini?" Nikamwambia ni bahari ileile, mama, Tanga iko upande wa pili. Likapotea. Akatandika mkeka akaswali magharibi, uso kwenye maji, kulia mwa pale lilipozamia. Nyumbani kibla ni kaskazini, hapa ni baharini, na hilo nalo lilimpa cha kufikiria.

Alipomaliza akataka nimpigie dada. Kule ilikuwa karibu saa nane mchana. Dada akageuza kamera, ua wote unawaka, nguo zinakauka kwenye kamba. Mama akaangalia simu, akaangalia bahari iliyoanza kuwa nyeusi.

"Kwa hiyo sisi tumeshalimaliza," akasema, "wao bado wanalitumia."

Kisha akamgombeza dada kwa nini mashuka meupe hajayatoa uani mpaka saa hizi.

Ukwaju

Mashallah. Na boti je? Mlikwenda ile ya asubuhi nilivyoamrisha?

Mtoto wa Chumbageni

Boti alikataa. Nilimsomea ujumbe wako wote. Alisema Pemba alishakwenda, inatosha.