AFCON 2027 ni ya kwetu, haya niambieni nani atafunga magoli

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na una hasira. Anayetafuta "Taifa Stars oyee" apite tu, sitamlaumu.

Kila nikifungulia redio asubuhi nakuta wachambuzi wanapiga hesabu za AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika: tunacheza nyumbani, watu elfu sitini kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, kwa hiyo nusu fainali ipo. Nusu fainali ipi jamani? Tumekwenda AFCON mara nne: 1980 Nigeria, 2019 Misri, ile ya Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, na ile ya Morocco iliyoanza Desemba 2025. Jumla mechi 13. Ushindi sifuri. Hata ule wa kubahatisha, mpinzani kajifunga dakika ya mwisho, hatuna.

Najua mtakuja na "safari hii tumevuka makundi". Tumevuka, ndiyo, na nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Ila tuambiane tulivukaje. Nigeria wametufunga 2-1, Uganda sare 1-1, Tunisia sare 1-1. Pointi 2. Tukapenya kwenye kapu la washindi wa tatu bora kwa sababu Angola nao walikuwa na pointi 2, na sisi tuliwazidi goli moja la kufunga. Hatua ya 16 bora Brahim Díaz wa Morocco akatupiga moja, tukarudi na kilio cha penalti tuliyonyimwa dakika za nyongeza. Na mimi naona ilikuwa penalti. Lakini dakika 90 za kabla yake, goli lilikuwa limefungwa kwa kufuli?

Sasa nije kwenye kinachoniuma, hii habari ya "nyumbani".

Nyumbani kwetu ni wapi tunapofunga? Kufuzu AFCON iliyopita, Ethiopia walikuja kwa Mkapa wakaondoka na 0-0. DR Congo wakaja wakatupiga 2-0 mbele ya watu wetu. Kufuzu Kombe la Dunia 2026, Niger kaja Zanzibar katufunga 1-0. Mwezi uliofuata Zambia naye kaja palepale, 1-0. Morocco walishatupiga 2-0 kwa Mkapa Novemba 2023, na kwenye CHAN Agosti 2025, yale mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani tu, wakarudi wakatutoa robo fainali, 1-0, uwanja huohuo. Sasa geuza upande wa ugenini: Zambia tulimfunga 1-0 kwao Ndola, Guinea tukamfunga 2-1 kule Yamoussoukro walikochezea mechi yao ya nyumbani. Mnaona kinachoendelea?

Ugenini tunakaa nyuma, tunapaki basi, tunasubiri mpira mmoja wa kushtukiza. Hilo tunaliweza. Nyumbani mpinzani anatuachia mpira anasema haya, chezeni. Hapo ndipo tunapoanza pasi za pembeni, krosi zisizo na mtu, na kipa wao anapiga miayo. Na 2027 kila atakayekuja kwetu ataturudishia mpira vilevile, kwa sababu mwenyeji ndiye anayetakiwa kushambulia. Kwa hiyo huo unaoitwa uenyeji unatutoa kwenye mchezo pekee tunaoujua.

Magoli yenyewe tuyahesabu. AFCON tatu za karibuni tumefunga 6. Msuva matatu: moja kwa Kenya 2019, moja kwa Zambia 2024, moja la penalti kwa Uganda. Samatta moja, kwa Kenya. Charles M'Mombwa moja kwa Nigeria, kijana aliyekulia Australia. Feisal moja kwa Tunisia, na huyo Fei ni kiungo. Hakuna hata goli moja kati ya hayo lililofungwa na mshambuliaji wa kati anayecheza ligi yetu. Hata moja!

Hata lile goli la Guinea Novemba 2024 lililotupeleka Morocco ni Msuva huyohuyo. Msuva ni wa 1993, Samatta ni wa 1992. Nawaheshimu wote wawili kuliko mnavyodhani, lakini 2027 mmoja atakuwa na miaka 33 na mwingine 34. Huo ndio mpango wa taifa la watu zaidi ya milioni 60?

CHAN iliwadanganya wengi. Burkina Faso tuliwafunga 2-0: penalti ya Sopu, na goli la Tshabalala, beki wa kushoto. Mauritania tukawafunga 1-0 dakika za lala salama: Kapombe, beki wa kulia. Mabeki wa pembeni wote wawili wana goli, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, anatafutwa kwa tochi. Mzize ndiye aliyetoa heshima kidogo, mawili kwa Madagascar.

Mechi ya Zambia 2024 pale San Pédro mimi bado haijanitoka. Tunaongoza 1-0. Dakika ya 44 Kabwe wao anapewa kadi nyekundu, tunacheza kipindi kizima cha pili dhidi ya watu kumi. Badala ya kwenda kuua mechi tukaanza kuilinda. Dakika ya 88 kona, Chama anapiga, Daka kichwa, kwisha. Chama wakati huo ni mchezaji wa Simba, analipwa mshahara Dar es Salaam! Sikasiriki kwamba kona yake ilituumiza, ndiyo kazi yake. Nakasirika kwamba ligi yetu inalea viungo na washambuliaji wa nchi za watu.

Msinielewe vibaya. Wageni wameinua ligi, wameipeleka Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Simba 2025. Lakini kanuni inaruhusu klabu kusajili wageni 12, na mbele ndiko wanakojazwa. Mara ya mwisho Mtanzania kuwa mfungaji bora wa ligi ni 2021/22, George Mpole, magoli 17, tena akiwa Geita Gold, si hizi timu zenu za mabilioni. Misimu mitatu iliyofuata: Mayele na Saido wamegawana, kisha Aziz Ki, kisha Ahoua. Kijana wetu akifunga kumi kule mkoani anasajiliwa Kariakoo, yaani Simba au Yanga, kwa mbwembwe, anakaa benchi msimu mzima, anapelekwa kwa mkopo, tunamsahau.

Na sisi mashabiki tusijitoe. Siku ya mechi na Uganda nilikuwa kibanda umiza huku Mbagala. Beki wa Simba kapoteza mpira, upande mmoja wa benchi ukacheka. Kiungo wa Yanga kapiga juu, upande wa pili ukapiga makofi. Jezi ya Stars kwenye kibanda kizima ilikuwa imevaliwa na muuza kahawa. Wakati Ikpeazu anasawazisha, jamaa mmoja alikuwa bado anabishana nani alistahili kuanza, wa kwao au wa kwetu.

Makocha ndiyo usiseme. 2019 Amunike kamaliza mashindano, akaachana na TFF, shirikisho letu la soka. 2024 Amrouche kafungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, mechi nane kwa mdomo wake, timu ikabadilisha kocha katikati ya mashindano. Novemba 2025, mashindano yako mlangoni, Hemed Suleiman kawekwa pembeni, kaletwa Gamondi huku ana kibarua chake kwenye klabu ya Singida Black Stars. Hivi kuna mtu ana ratiba pale au tunaenda kwa kuamka?

Uwanja wa Arusha wa hiyo 2027 mzuri, sawa. Viti elfu thelathini. Nitakwenda kuuona.

Ninachotaka ni kidogo. Mechi za kirafiki hapahapa nyumbani, na timu zinazokaa nyuma, mpaka tujue kuzifungua. Kocha mmoja asiguswe mpaka 2027 iishe. Na kanuni ya ligi imlazimishe kila mwenye timu kumpa dakika mshambuliaji wa hapa, hata kama mwenyekiti wake atanuna.

Sasa wewe unayejiandaa kuandika "tuwe wazalendo", kabla hujaandika nitajie washambuliaji wa kati wawili Watanzania wanaoanza kila wiki pale Simba, Yanga au Azam. Wawili tu. Na Mzize nimeshamtaja mimi, usimrudie.