Filamu ya wizi wa nyaya za shaba: sauti inapita midomo, na shahidi lazima afichwe

kampemba_video
Jambo ba yaya. Tuko wanafunzi wane hapa Lubumbashi, tunamaliza montaji (uhariri) ya filamu ya dakika 14 juu ya wizi wa nyaya za shaba za umeme. Tunatumia programu ya montaji DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows, laptopu ya i5, RAM GB 8. Matata ni matatu.

Mahojiano yalichukuliwa kwa simu, fremu 30 kwa sekunde, na sauti kwa kinasa cha kando. Mwanzoni vinapatana, lakini kufika dakika ya 18 sauti imeachana na midomo karibu nusu sekunde. Picha nyingine zote ni za kamera, fremu 25. La pili, laptopu inakwama kila tukicheza picha za simu. La tatu, shahidi mmoja anakaa karitie (mtaa) moja na watu anaowataja. Tumemtia ukungu usoni na kuishusha sauti yake iwe nzito. Inatosha?

yaya_montaji
Mudogo, la kwanza ndilo la kuanza nalo, maana likitengenezwa vibaya yote mengine mtayarudia.

Pengo lingekuwa lilelile kutoka mwanzo hadi mwisho, mngesogeza sauti tu. Lenu linakua. Maana yake simu haikuchukua fremu 30 sawasawa: mwanga ukipungua, inashikilia kila fremu muda mrefu zaidi, basi sekunde hii ina fremu 30, ile ina 27. Kinasa chenyewe kinafuata saa yake bila kujali. Resolve inapanga fremu kama vile zote zina urefu mmoja, na makosa yanajumlishana.

Badilisha kila faili la simu kwa ffmpeg (programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri) kabla ya kuliingiza:

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu25.mov`

Asiyependa kuandika amri atumie HandBrake: fremu 25, na alama kwenye "Constant Framerate". Fungueni projekti mpya ya 25 kabla ya kuburuta kitu chochote ndani, kwa sababu ukishaingiza picha namba hiyo inafungwa. Mikato mliyokwisha kufanya kwenye mahojiano, kateni upya. Mkiyaunganisha mafaili mapya na mikato ya zamani, kila mkato utahama kidogo na mtachanganyikiwa zaidi.

25 inafaa pia kwa sababu kurani (umeme) yetu ni ya hertzi 50. Kamera ikiwa 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50, taa hazipigi mistari. Simu ikiwa 30 na shata 1/60, utaona utepe wa giza unatembea ukutani nyuma ya mtu.

Kama bado kuna tofauti ya fremu mbili tatu, hiyo ni saa ya kinasa dhidi ya saa ya simu. Kata sauti pale mtu anaponyamaza, kila dakika 4 au 5, uisogeze.

kati_ya_fremu
La pili ni rahisi. Kwenye Media Pool bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua "Generate Proxy Media" (inatengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kufanyia montaji), ukubwa "Half", kodeki (namna ya kubana video) DNxHR LB. DNxHR LB kwa ukubwa kamili wa 1080 ni karibu GB 16 kwa saa moja, kwa nusu ni kama robo ya hapo. Proksi ziwekeni kwenye diski ya ndani, si ufunguo wa USB.

Kurani ikikatika: washeni "Live Saves" na "Project Backups" ya kila dakika 10. Kila jioni toeni projekti kama .drp. Hilo faili halibebi picha, ni maagizo ya montaji peke yake.

sauti_na_sura
La tatu: hapana, haitoshi.

Sauti iliyoshushwa nota nne inapandishwa nota nne, na mtu amerudi. Hata isiporudishwa, namna yake ya kuvuta maneno inabaki, na jirani atamtambua kwa hiyo. Andikeni maneno yake yote, mwingine ayasome, kisha sauti ya asili iondolewe kabisa. Kuizima tu haitoshi. Kwenye skrini andikeni: "Maneno ni yake, sauti ni ya mtu mwingine." Katika kuandika, ondoeni pia jina la kanisa, la soko, idadi ya watoto. Huko ndiko watu wanajulikana.

Usoni, msitumie ukungu mwepesi. Kwenye ukurasa wa Color, tia Power Window (umbo la kuchagua sehemu ya picha) ya duara inayozidi kichwa, masikio na nywele ndani, fuatilia kwa Tracker, halafu ndani ya duara shusha Lift na Gain (mwanga wa sehemu za giza na za mwangaza) hadi ibaki nyeusi tupu. Akigeuka, Tracker inapotea. Hapo rekebisha kwa mkono, fremu kwa fremu.

Kuna mtego wengi wanauangukia: mkiunganisha picha mbili kwa kufifiza, Resolve inachukua fremu za ziada baada ya mkato, ambazo Tracker haikuzifuata. Duara linabaki pale lilipoishia, kichwa kinaendelea, na sura inatoka kwa fremu tano. Kwa shahidi huyu tumieni mkato mkavu tu. Kisha fungueni MP4 ya mwisho na mpite kila mkato kwa mshale wa kibodi. Fremu moja inatosha mtu kusimamisha na kupiga picha.

Tazameni pia pete, kovu, rangi ya mlango nyuma yake. Kwa kweli, mngemchukua tangu mwanzo akiwa kivuli mbele ya dirisha, nusu ya kazi hii isingekuwepo.

kampemba_video
Aksanti sana. Mwalimu anataka projekti nzima, si filamu tu. Tumpe "Project Archive"?

sauti_na_sura
Hapana! Hiyo ni folda ya .dra, inakusanya picha za asili zote, sura na sauti halisi zimo. Folda ya proksi nayo vilevile. Mpeni MP4, na .drp kama anataka kuona mikato. Hata hiyo ipitieni kwanza: majina ya klipu yasiwe jina la shahidi. Picha zake za asili zikae kwenye diski moja iliyofungwa kwa VeraCrypt (programu ya kufunga diski kwa neno la siri), si kwenye grupu la WhatsApp. Faili la simu linaweza kubeba mahali lilipochukuliwa, kwa hiyo kabla ya kulipeleka popote ongezeni `-map_metadata -1`, inayofuta taarifa hizo, kwenye amri ya ffmpeg.

yaya_montaji
Na maandishi ya skrini: anayeshikwa na polisi ni "mtuhumiwa". Kifungu cha 17 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinamhesabu hana hatia hadi hukumu ya mwisho, na kifungu cha 74 cha kitabu cha pili cha Code pénal (sheria ya jinai) kinamwadhibu anayemhusisha mtu hadharani, kwa nia mbaya, na jambo mahsusi la kumvunjia heshima. Kama mna picha ya mtu kwenye nyaya na hakuna hukumu, mfunikeni kama mlivyomfunika shahidi.