Mjadala: Je, umri uwe kigezo cha rufaa kwa mwenye uvimbe wa shingoni?

Mleta mada:
Mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unamtaka daktari wa ngazi ya msingi afikirie kumpeleka haraka kwa bingwa, kwa kuhofia saratani ya zoloto (sehemu ya koo inayotoa sauti), mgonjwa wa miaka 45 na kuendelea ambaye sauti yake inakwaruza kwa muda mrefu au mwenye uvimbe wa shingoni, ikiwa sababu haijulikani. Wapo wanaotaka nasi Tanzania tuanze na umri huo, kwa kuwa mabingwa wa masikio, pua na koo ni wachache na wengi wako mijini. Sikubaliani nao. Mwongozo huohuo, unapozungumzia saratani ya kinywa, hautaji umri kabisa: kidonda cha mdomoni kisicho na sababu kilichozidi wiki 3, au uvimbe wa shingoni usioisha na usio na sababu, vinatosha. Kwetu saratani ya nyuma ya pua huwapata hata vijana, na mara nyingi dalili ya kwanza ni tezi ngumu isiyouma, juu ya shingo, chini ya sikio. Kijana huyo hupewa antibiotiki ya amoksilini, hurudiwa dozi, kisha huanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi kwa miezi 6, pengine bila sampuli yoyote kuchukuliwa. Hapo ndipo ugonjwa unapopata nafasi ya kusambaa.

Mchangiaji (tabibu, kituo cha afya):
Ndugu mleta mada, hoja yako ni nzuri ukiwa mbali na foleni yangu. Watoto wenye tezi kwa sababu ya meno mabovu, tonsili au vidonda vya kichwani ni wengi, na VVU navyo huvimbisha tezi. Nikimwandikia mtu rufaa ambayo mwisho wake ni Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, anatafuta nauli, malazi na ndugu wa kumsindikiza; ndiyo maana huniuliza kwanza kama nina uhakika. Umri, pamoja na upungufu wake, unanipa pa kuanzia.

Mleta mada:
Nakuelewa, daktari. Tezi ya mtoto mwenye jino bovu ina sababu, kwa hiyo haimo katika kigezo ninachokitetea. Kwa sauti inayokwaruza nakubali umri utumike, maana saratani ya zoloto huwapata zaidi watu wazima, hasa wavuta sigara. Ila kwa tezi iliyozidi wiki 3 bila sababu, na hasa ikiambatana na pua kuziba upande mmoja, kutokwa damu puani au sikio moja kupoteza usikivu, napendekeza rufaa ya kwanza iishie hospitali ya wilaya, sampuli ichukuliwe kwa sindano nyembamba kabla ya dawa za kifua kikuu, na sampuli hiyo ndiyo ipelekwe maabara ya patholojia, inakochunguzwa kama ina saratani. Mlioko vituoni mtueleze: hospitali yenu ya wilaya ina mtu wa kuichukua, na majibu hurudi baada ya muda gani?