Mtoto kashindishwa njaa kwa ajili ya MRI, kumbe hata dawa ya usingizi hakupangiwa

Wakuu, hasira niliyonayo sijaipoza na sitaki ipoe kabla sijaandika. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye wiki hii amekabidhiwa karatasi ya miadi ya MRI ya mtoto wake, na anaamini kila anachopaswa kujua kimo humo.

Mwanangu ana miaka 6 na anatumia dawa za kifafa. Daktari wake aliagiza MRI ya kichwa, na kwa daktari sina neno. Alinieleza kwamba kipimo hiki hakitumii mionzi kama eksirei au CT, kinatumia sumaku na mawimbi ya redio, na kinauonyesha ubongo kwa undani ambao CT haiufikii. Nikaridhika. Malalamiko yangu yanaanzia dirisha la miadi. Pale nilipewa karatasi yenye tarehe, saa, na sentensi moja: "Mgonjwa asile wala kunywa chochote kuanzia saa sita usiku." Basi. Hakuna mstari unaoeleza mtoto atakutana na nini. Hakuna namba ya kumpigia mtu wa chumba cha mashine. Hakuna aliyeniuliza mtoto ana umri gani na ni mwoga kiasi gani.

Nikauliza palepale: na dawa zake za asubuhi? Aliyekuwa dirishani akajibu bila kuinua macho, "Chochote ni chochote, mama." Nikaondoka nikamtafuta nesi wa kliniki, na huyo ndiye aliyesema mpe dawa zake kama kawaida kwa funda la maji. Mtoto wa kifafa akirukwa dozi anaweza kuanguka. Ndiyo maana dawa za kifafa kwa kawaida haziachwi hata siku ya nusu kaputi, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Sasa mzazi ambaye hakuuliza, au aliyeuliza dirishani tu, angefanya nini? Angetii karatasi, na mtoto angeangukia foleni.

Tukaja kwenye njaa. Miadi ilikuwa asubuhi, tukaitwa mchana jua limeshapinduka. Mtoto wa miaka 6 amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, midomo imekauka, analia anaomba maji, na kila nikiuliza naambiwa "vumilia mama, akinywa tutamwahirisha." Tulipoingia ndani nikamuuliza fundi wa picha ni nani atakayempa dawa ya usingizi. Akafungua faili, akasema: "Huyu hajapangiwa dawa ya usingizi. Tunajaribu hivihivi."

Hivihivi! Kwa hiyo njaa yote ile ilikuwa ya nini?

Nieleze hapa, maana wengi tunadhani njaa ni sehemu ya MRI. Siyo. Mtu anakatazwa kula kwa sababu ya dawa ya usingizi: ukilazwa kwa dawa, koo nalo linalala, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Hiyo ni hatari ya kweli na sharti lake liheshimiwe. Lakini MRI ya kichwa kwa mtoto aliye macho kwa kawaida haidai tumbo tupu. (Baadhi ya vipimo vya tumbo vina masharti yake, hayo ni mengine.) Na hata kwa mtoto anayelazwa kwa dawa, kanuni iliyozoeleka kwa madaktari wa usingizi ni kuacha chakula chepesi na maziwa ya kopo saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4 kabla, maji saa 2 kabla. Hospitali nyingi za Ulaya siku hizi zinamruhusu mtoto maji hadi saa 1 kabla. Sentensi ya "saa sita usiku, asinywe chochote" kwa mtoto anayeingizwa mchana haifuati kanuni yoyote kati ya hizo. Ni mtu aliandika mara moja, ikachapwa, na watoto wanaendelea kuadhibiwa nayo.

Lakini njaa siyo iliyonikasirisha zaidi. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba mtoto hakuambiwa kitu, na pale alipoambiwa, alidanganywa.

Mhudumu wa mlangoni alimwambia, "Ni picha tu, kama ya simu." Mwanangu akamwamini. Akaingia akitabasamu, na njaa yake ile. Akalazwa kwenye kitanda, kichwa kikafungiwa ndani ya kile kibanio cha koili, kifaa cha kunasa picha, kinachofunika uso, kitanda kikaanza kusogea kuingia kwenye tundu, na hajaonyeshwa kwamba tundu liko wazi pande zote mbili. Halafu mashine ikaanza kugonga. Mliowahi kuingia mnajua ule mlio: inagonga, inanguruma, inanyamaza, inaanza tena kwa sauti nyingine. Inaweza kupita desibeli 100, ndiyo maana kuziba masikio ni lazima. Vizibo walivyompa vilikuwa vya mtu mzima, kimoja kikachomoka alipogeuza shingo. Mtoto akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake.

Walichofanya ni kuniita nikamshike. "Mama, mshike miguu." Mwingine kashika mabega. Tukamkandamiza mtoto ambaye hajafanya kosa lolote, ili atulie. Kipimo hiki hakiwezekani kwa nguvu! Mtoto anayepigana anatikisika, na akitikisika picha inachafuka. Kila mtu mle ndani anayejua kazi yake analijua hilo. Baada ya hapo wakamtoa, na yule aliyekuwa kwenye kompyuta akasema, mtoto anasikia, "Huyu umemdekeza sana."

Kwenye faili wakaandika: "Mgonjwa hakutoa ushirikiano."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Mtoto hakutoa ushirikiano kwa jambo gani? Ni nani aliyemweleza anaombwa nini? Hospitali haikufanya sehemu yake, kisha kushindwa kwao kukaandikwa kwa jina la mwanangu, na daktari yeyote atakayefungua faili lile kesho atasoma kwamba mtoto huyu ni msumbufu.

Jamani, kumwandaa mtoto si jambo la anasa wala la hospitali tajiri peke yake. Kuna nchi ambako hospitali za watoto zina wahudumu ambao kazi yao ni hiyo: wanamwonyesha mtoto mfano wa mashine, anamlaza mwanasesere wake ndani, wanamsikilizisha milio, wanafanya naye zoezi la kukaa kama sanamu. Uingereza wahudumu wa namna hiyo ni wa kawaida. Kwa njia hiyo watoto wengi wa umri wa kuanza shule wanamaliza kipimo wakiwa macho, na wapo hata wa miaka 4 au 5 wanaoweza. Sisemi kila mtoto ataweza. Ila mfano wa mashine ukikosekana, rekodi ya milio inapatikana kwenye simu ya mtu yeyote. Boksi kubwa la karatasi ni tundu tosha la kufanyia mazoezi. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aliyeamua kwamba mtoto ni wa kuongea naye.

Na ukweli wenyewe si wa kutisha ukisemwa vizuri. Utalala kwenye kitanda kinachotembea. Kichwa kitavaa kofia yenye kioo, kupitia kioo utaniona mimi. Mashine itapiga kelele nyingi lakini haikugusi. Utashika mpira mkononi, ukiubonyeza watakusikia. Kelele zikiwa zinaendelea unakaa kama jiwe. Zikinyamaza, subiri wakuambie kama unaweza kumeza mate na kujinyoosha kidogo. Hili la mwisho hakuna aliyetuambia, na lingebadilisha kila kitu: kipimo kinachukua pengine dakika 20 hadi saa nzima, lakini hakipigwi kwa mkupuo mmoja. Kinapigwa kwa vipande vya dakika chache chache. Mtoto akijitikisa kwenye kipande kimoja, mara nyingi kinarudiwa hicho tu. Kumtaka mtoto awe sanamu kwa dakika 4, apumue, kisha 4 nyingine, ni ombi analoweza kulijaribu. Kumwambia "usitikisike kabisa mpaka tumalize" ni kumwandalia kushindwa.

Kama kuna sindano, aambiwe kuna sindano. Wakati mwingine wanaweka kanyula, kijimrija cha kwenye mshipa, mkononi ili kupitisha dawa ya kung'arisha picha, yenye gadoliniamu. Mkishamwahidi kwamba hakuna kinachouma, kisha mkamchoma, hatawaamini tena, wala mimi hataniamini.

Sasa usalama, maana hapa hasira yangu inageuka kuwa hofu. Niliulizwa swali moja kwenye korido: "Ana chuma mwilini?" Nikasema hapana, nikawekewa fomu nitie saini nikiwa nimesimama, mtoto begani. Sumaku za hospitali nyingi ni za tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Hiyo ya 1.5 ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko sumaku ya dunia, na haizimwi mgonjwa akitoka, inafanya kazi muda wote, usiku na mchana. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka 6 alikufa baada ya mtungi wa oksijeni kuingizwa chumbani akiwa ndani ya mashine, ukavutwa na sumaku ukampiga. Miaka 6, umri uleule wa mwanangu. Kwa hiyo "ana chuma mwilini" haitoshi. Mzazi aulizwe kwa majina: mrija wa kutoa maji kichwani? Kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni? Kifaa cha moyo? Amewahi kufanyiwa upasuaji gani? Amewahi kumeza sarafu au betri? Ana nyaya za meno? Mingine ya ile mirija ya kichwani ina valvu inayorekebishwa kwa sumaku, na mtoto mwenye valvu hiyo anatakiwa akaguliwe tena baada ya kipimo. Mzazi wa kawaida hawezi kuijua hiyo "chuma" mpaka aulizwe.

Na mimi niliyeitwa kwenda kushika miguu? Sikuulizwa kitu. Nilikuwa na pini za nywele. Ningeweza kuwa na kifaa cha moyo, ningeweza kuwa mjamzito, hakuna aliyejali kujua. Mzazi anayeingia chumba kile anatakiwa kukaguliwa kama mgonjwa. Nguo nazo ziangaliwe: zipu, vifungo, hata baadhi ya nguo za michezo zina nyuzi za metali ndani ya kitambaa na zinaweza kupata moto.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Uliyesema wahudumu wamezidiwa na foleni, nakuelewa, foleni niliiona. Lakini hesabu mwenyewe. Nafasi ya mwanangu ilitumika kulia na kukandamizana, ikaisha bila picha, na sasa atahitaji nafasi nyingine. Robo saa ya kuongea na mtoto ingeokoa nafasi nzima. Asiyeandaa watoto ndiye anayerefusha foleni.

Uliyesema "sasa si wamlaze tu kwa nusu kaputi", ndiko tunakoelekea, na sikatai. Wapo watoto ambao hiyo ndiyo njia sahihi tangu mwanzo: wadogo sana, wenye usonji waliolemewa na kelele, wenye maumivu. Nusu kaputi ikitolewa na daktari wa usingizi aliyezoea watoto, kwa uangalizi wa kupumua na oksijeni, ni salama kwa wengi. Ninachokataa ni mtoto kupewa dawa nzito kwa sababu tu hakuna aliyetaka kuongea naye, na kuambiwa kwa sauti ya kumtisha: "usipotulia utachomwa sindano ulale."

Mama mwenye kichanga cha wiki chache, umeuliza kama naye lazima alale kwa dawa. Ulizia kabla hujakubali. Kwa vichanga, hospitali nyingi duniani zinamnyonyesha mtoto ashibe, zinamfunga vizuri kwa nguo, zinamziba masikio, analala mwenyewe na kipimo kinapigwa. Kwake yeye shibe ndiyo dawa ya usingizi, na angepewa karatasi kama yangu angeingizwa akiwa analia kwa njaa.

Nimeandika barua kwa uongozi wa hospitali. Nataka mambo matatu: sentensi ile ifutwe kwenye faili la mwanangu na iandikwe kwamba hakuandaliwa, karatasi ya miadi iseme wazi nani anakaa na njaa, kwa saa ngapi, na dawa za kila siku zinafanyweje, na kabla ya miadi ijayo apangwe mtu wa kukaa na mtoto, amwonyeshe mashine ikiwa kimya, kutokea mlangoni tu inatosha, na amsikilizishe milio.

Aliyewahi kupewa na hospitali yake karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto, tafadhali aipige picha aiweke hapa chini, afiche jina. Nitaichapa niiambatishe na barua.