Fundi wa "kwani ulisema unasafiri nalo" leo kanimaliza

Wakuu habari za mchana, mie zangu mbovu. Jina silitaji na sina haja, Mtwara nzima mnamjua, yule anayekuitikia "usijali bosi wangu" kabla hata hujamaliza kueleza shida. Naandika nikiwa hapa Mikindani chini ya mwembe, Hiace imelala barabarani kama ng'ombe aliyegoma, tairi la nyuma kushoto halipo.

Narudia. HALIPO. Limeondoka.

Iko hivi, nilichukua rimu za spoti, za aloi, Ilala, zikaja na basi, nzuri mpaka jirani kaja kupiga nazo picha. Sasa rimu ya aloi ni nene pale inapokaa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kuliko hizi za chuma, kwahiyo stadi za zamani, yale maboliti yanayoshika rimu, zikawa fupi, nati inazunguka kidogo tu imefika mwisho. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua stadi yenye unene wa milimita 12 nati yake ishike tredi, ile mizunguko ya skrubu, si chini ya milimita 12. Nikampa fundi hela ya stadi ndefu za Toyota, za nyuma zote, nikamwambia toa dramu, gonga za zamani zitokee kwa ndani, mpya uzivute taratibu kwa nati na washa mpaka kichwa kikae. Kajibu nini? Usijali bosi wangu.

Leo ndo nimeona alichofanya maana habu iko uchi naitazama. Kaniwekea stadi za Nissan mkweche! Meno ya shingoni hayakamatii kwenye tundu, zikawa zinazunguka, basi jamaa kazidonoa weldi kwa nyuma moja moja, madonge haya hapa nayaona. Halafu tredi za stadi ya Nissan zimeachana milimita 1.25, za nati za Toyota milimita 1.5, haziingiliani hata kwa maombi, yeye kachomeka bomba kwenye wilispana kazilazimisha hivyo hivyo. Tredi zote zimechanika, zimebaki nywele nywele za chuma.

Na ndani nina akina mama wanaenda kumcheza mwali, ngoma ziko juu ya keria, vigelegele tangu Magomeni. Nasikia tak tak tak nikadhani ngoma! Mara bibi wa siti ya mbele ananiuliza kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, lile tairi linalotupita la nani?" Nikageuka. Limenyooka, rimu inang'aa, likakata kona likaingia kwenye minazi linaelekea baharini, hata halikuyumba.

Nikampigia. Sasa sikilizeni alichonijibu. "Kwani bosi ulisema unasafiri nalo?"

Gari! Ananiuliza kama nilisema nasafiri na gari! Eti "mi nilijua unataka lipendeze." Lipendeze wapi, sebuleni? Weldi nasamehe, bomba nasamehe, hata hela ya stadi aliyokula nasamehe, ila "kwani ulisema unasafiri nalo" nitazikwa nayo hii.

Mchuuzi wa Feri: Picha mkuu. Bila picha ya tairi likioga baharini huu uzi ni stori za kijiweni.

Bint Shangani: 😂😂😂 nimecheka mpaka bosi kaniangalia. Bibi ndo alikuwa dereva humo ndani, we ulikuwa abiria. Wamefika kwa mwali lakini?

Mwenye uzi: Wamepanda bajaji wameondoka. Nauli wamenidai yote, na bibi kaniambia pole kwa sauti ya kunicheka.

Spana Masasi: Stadi hata siku moja haichomelewi, chuma chake kimepikwa kiwe kigumu, ukikipiga moto kinakatika kirahisi. Na hizo rimu kama ni aloi za Toyota zenyewe zinataka nati ya washa bapa, nati za koni za rimu ya chuma hazikai. Ukishafunga tembea kama kilometa 100 ukaze tena.

Mwenye uzi: Shukrani kaka ila mimi sijauliza, mimi nalalamika. KWANI ULISEMA UNASAFIRI NALO. Hivi mnaisikia lakini?

Kobe Mwendokasi: Hiace ina kutu mpaka kwenye honi unaivalisha rimu za spoti. Tairi limeona aibu limeenda kujizamisha.

Mzee wa Ligula: Huyo huyo alinifunga breki shuu, nikarudi kumwambia gari halisimami. Akanijibu "mzee wangu na wewe punguza haraka za maisha." Hela sijarudishiwa mpaka kesho.

Lindi Ndo Nyumbani: Nyie Mtwara mnalia na fundi, sisi tunalia na barabara yenyewe. 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga nililala njiani na samaki, barafu imeyeyuka, abiria wenzangu wakahama upande wa pili wa basi wote. Hapo hamna wa kumpigia simu.

Kobe Mwendokasi: Samaki gani anatolewa Kilwa kwa basi la abiria, ndo maana mnanuka.

Mkulima Newala: Afadhali nyie wenye barabara. Huku salfa, dawa ya mikorosho, imeletwa ugonjwa wa ubwiri unga ushakula maua, mikorosho imekuwa myeupe. Halafu msimu ukifika mnashangaa korosho hazina daraja.

Bint Shangani: Kwani mlipata? Baba yangu jina lake halikuwepo kabisa kwenye daftari la wakulima na ana mikorosho tangu hatujazaliwa.

Mwenye uzi: Jamani uzi ni wa stadi.

Mzee wa Ligula: Stadi baadae kijana. Newala, hiyo salfa mliyopewa ya maji au ya unga?

Mkulima Newala: Ya unga mzee wangu, na mifuko mingine imelowa imekuwa mawe. Tunaiponda kwa mchi.